Tiketi ya Ukoo wa Mama Régina

Walikuwapo barazani kwa Mama Régina, hapa Kabambare, Jumapili baada ya misa: Mama Régina mwenyewe, binti yake Faida, Faradji, mume wa Faida, wakala wa kubashiri mpira kwa simu huko Kasongo, Shangazi Chimène, aliyekuja na kigoda chake, na Bwana Gérard, mkaguzi wa kampuni hiyo ya kubashiri, au sosiyete kama tunavyosema hapa, aliyetoka Kinshasa. Hakuwapo Mjomba Musafiri, ambaye alikuwa bado njiani kutoka Wamaza kwa pikipiki. Bila yeye hakuna lililoweza kuanza.

Gérard alikuwa amezunguka kusini mwa jimbo la Maniema akichunguza jinsi watu wa kila mahali wanavyocheza. Kasongo ilikuwa imemtatiza. Chini ya mwavuli wa Faradji hakuna aliyekiri kwamba anacheza. Kila mtu alimchezea jirani. Waheshimiwa waliotoka msikitini walisimama pale, wakaulizia vocha, wakatazama kulia na kushoto, kisha wakanong'ona jina la timu ambayo, walisema, jirani yao mgonjwa aliipenda sana. Jirani huyo alikuwa mgonjwa mwaka mzima, na timu alizipenda zote.

Salamabila, kwenye dhahabu, mambo yalikuwa kinyume. Wachimbaji walicheza hadharani na kwa kelele, na timu ikifungwa waliiwekea tena fedha papo hapo, kama mtu anayekataa kuliacha shimo lake kwa kuhofia kwamba atakayeingia baada yake ndiye atakayeokota. Gérard aliipenda Salamabila. Aliiita soko lililokomaa.

Kabambare ilikuwa haijatuma hata tiketi moja ya kubashiri. Kwa hiyo mkaguzi alitoa sharti: ukoo wa mke wa Faradji utume tiketi moja kabla ya mpira wa Jumapili hiyo kuanza, naye Faradji ataongezewa Kabambare juu ya Kasongo. Ukishindwa, atahamishiwa Salamabila. Na Faida alikuwa amekwisha kumwambia mumewe, bila kupandisha sauti, kwamba Salamabila atakwenda peke yake.

Faradji alieleza kwa utaratibu. Kuna timu mbili za Ulaya, ya bluu na ya nyekundu. Unachagua, unabonyeza, basi. Shangazi Chimène alitaka kujua kwa nini wasiombewe wote washinde. Gérard, aliyeona jua linasogea, akatoa simu yake na kupendekeza njia ya mkato: mechi za mashine, zinazochezwa na kwisha kabla chai haijapoa.

Shangazi aliwatazama wachezaji wale wadogo wakikimbia kwenye kioo.

"Hawa, mama zao ni nani?"

"Hawana mama, Shangazi. Ni mashine."

"Na wakivunjika muguu, nani anawauguza?"

Gérard akairudisha simu mfukoni.

Ndipo Mjomba Musafiri akafika, matope hadi magotini. Alipewa maji, akasalimiwa, akasalimia, akatoa habari za muhogo wa Wamaza na za daraja lililochukuliwa na mvua. Kisha ikabidi achinjwe kuku, kwa sababu mjomba aliyeitwa kwenye shauri hali maneno matupu. Na tangu Faida aolewe na Mwislamu, nyumba ile ya Wakristo ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: kuku wa kikao huchinjwa na mkwe, ili wote wale sahani moja.

Kwa hiyo Faradji, mtu pekee aliyejua kutuma tiketi, alikwenda nyuma ya nyumba na kisu. Kuku alimponyoka akaingia kwenye mihogo. Mkwe akamfuata kwa shati lake jeupe la kazi, simu ya kampuni ikimpigapiga pajani. Barazani Gérard alitazama saa, akakohoa. Mama Régina akampelekea maji ya kunywa.

Shauri lilianza sahani zilipowekwa. Shangazi Chimène alikuwa amesikia redioni kwamba kocha wa timu nyekundu amefiwa, naye hakuona adabu kubashiri dhidi ya watu walio matangani. Mama Régina alijibu kwamba matanga hayazuii mtu kupiga mpira. Mjomba aliuliza timu ya bluu ilifungwa lini mara ya mwisho, na je, iliyapokea mabao hayo kwa heshima. Kila aliyesema alirudia kwanza maneno ya aliyemtangulia, ili pasiwe na aliyesahauliwa. Faradji alijaribu mara moja kutaja saa. Alikumbushwa kwamba mkwe husema akiulizwa.

Hatimaye Mjomba akanawa mikono.

"Tumepatana. Bleu itashinda, mbili kwa moja. Tuma."

"Papa," alisema Gérard, "mpira umekwisha."

"Umekwisha namna gani?"

Gérard alitafuta kwenye simu.

"Mbili kwa moja. Bleu."

"Basi ukoo haukukosea."

"Lakini mumechelewa."

"Sisi hatukuchelewa. Mpira ndio ulikuwa na haraka."

Mkaguzi akasimama, akatangaza kwamba sharti halikutimizwa na kwamba kesho Faradji ataanza safari ya Salamabila. Faida, aliyekuwa akikusanya sahani, aliziweka chini. Faradji alitazama mikono yake. Unyoya mmoja ulikuwa bado umemganda kidoleni.

Mama Régina ndiye aliyeuliza, kwa upole.

"Mwanangu Gérard, kuku umekula?"

"Nimekula, Mama. Ilikuwa nzuri sana."

"Paja?"

"Paja, Mama."

"Basi uko ndani ya kikao."

Alimweleza kwamba mtu aliyekula kuku wa kikao hawezi kuamua peke yake mpaka kikao kifungwe, na kwamba kumhamisha mkwe ni shauri jipya, lenye kuku wake. Gérard alimgeukia Faradji amsaidie. Faradji hakuwa ameulizwa.

Wazee watatu wakasogea pembeni. Safari hii hawakukawia. Mjomba Musafiri akarudi, akangoja wote wanyamaze, akatangaza:

"Habari ya kumuhamisha mukwe yetu, ukoo umeipokea. Tutaizungumza Shangazi Chimène akimaliza kuvuna karanga, na karanga hazijapandwa. Mupaka siku ile, Faradji iko Kasongo na bibi yake Faida. Na wewe, mwanangu, usirudi hapa peke yako kama mutu asiye na kwao. Sosiyete yako imulete mjomba wake. Kuku tutatoa sisi."