Wa Kusimama Mwisho wa Shamba

Ramani ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya jikoni ya mzee Verlyn, na Curt alikuwa ameshaichukia. Tangu wamalize chakula cha mchana, yeye na baba yake walikuwa wameiinamia, na kila shamba alilolitia kidole, mzee alilitia kasoro.

"Hili hapa, kaskazini ya mji wa Redfield?"

"Mahindi ya jirani bado yamesimama. Ndege wote wamejaa humo, wanatucheka. Utawatoa kwa nini, kwa maombi?"

"Basi hili la matete, pale penye bwawa lililokauka."

"Fupi. Hujatoa mguu umeshafika mwisho."

"Wewe shamba refu unalitakia nini, Baba?"

"La kutembea, mwanangu. Kwani watu huenda kuwinda kulala?"

Curt alijikuna kichwa. Hapo ndipo penyewe, na hapo ndipo alipokuwa akipakwepa tangu asubuhi.

Msimu wa kuwinda ulikuwa unafunguliwa Jumamosi. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kumlipa mtu ampeleke kuwinda. Wanapanga wenyewe, wanakwenda na pikapu zao, wanatembea kwenye mashamba ya serikali na kwa wakulima waliokubali walipoombwa. Sasa fezanti, yule wanayemwinda, ni ndege wa miguu. Ukiingia shambani upande huu, haruki. Anakimbia chini kwa chini mbele yako mpaka nyasi zimwishie, ndipo anachomoka. Kwa hiyo wengi hutembea, na mmoja husimama kule mwisho kuziba njia. Na mtu yeyote wa nyanda zile anajua anayesimamishwa kule ni nani: mtoto, mgeni asiyejua kitu, au mtu ambaye siku zake zimepita. Miaka yote mzee Verlyn ndiye aliyekuwa akiwapanga watu kwa kunyoosha kidole, wala hakuna aliyembishia.

Ila mwaka jana alianguka ndani ya matete, bunduki ikiwa na risasi. Ilibidi wanaume wawili wamnyanyue, na nyonga yake haikurudi kama zamani. Jumapili iliyopita familia ikakata shauri: mzee hatembei tena. Kazi ya kumwambia akatwishwa Curt, kwa kuwa ndiye mwanawe wa kiume, na kwa kuwa wengine wote walipata udhuru siku hiyohiyo.

Simu ikalia. Alikuwa Lyle, mume wa dada yake. Curt akatoka nayo kibarazani.

"Shemeji, umeshamwambia?"

"Bado."

"Bado! Tangu Jumapili unapasha moto ulimi tu? Nilisema mimi, twendeni kwenye ile kambi ya kulipia. Mzee anakalishwa kwenye kiti, ndege wanafunguliwa kutoka tunduni, anapiga, anarudi kula nyama."

"Mpeleke baba akapige ndege wa tunduni, uone atakayempiga kwanza."

"Basi mwambie. Au unaogopa?"

"Njoo umwambie wewe, shujaa."

"Mimi? Mimi mkwe tu, bwana. Nisiingilie mambo ya damu."

Curt alimkatia simu. Alitamani kuitupa mtaroni, simu na Lyle pamoja. Aliporudi ndani alimkuta baba yake amejikatia kipande cha kuchen, ile keki ya pichi, na kukiweka juu ya ramani, pale hasa penye shamba la bwawa lililokauka.

"Lyle anasemaje?"

"Anasalimu."

"Muongo wewe. Lyle hajawahi kusalimu."

Curt alivuta kiti, akajaribu njia ya kuzunguka. Alionyesha shamba jingine, refu kama mzee alivyotaka, lenye barabara ya changarawe upande wa mwisho. Gari lingefika mpaka pale. Mtu angeweza hata kuegemea boneti.

"Mtu gani?" mzee akauliza, akitafuna.

"Yeyote."

"Mwaka jana alisimama kijana wa Lyle. Sasa yuko chuoni. Mwaka huu nani?"

"Tutaona tukifika."

"Siku hizi ndivyo mnavyopanga? Unafika shambani hujui nani anasimama wapi, halafu mpigane risasi za macho? Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Wewe, Baba!" Curt alipiga meza hadi kahawa ikamwagika. "Utasimama wewe! Hutembei tena, basi! Nimechoka kuzungushwa!"

Curt alijichukia papo hapo, maana wiki nzima alikuwa ametayarisha maneno laini, na yote yalikuwa yameyeyuka. Mzee Verlyn alichukua kitambaa, akafuta kahawa isifike kwenye ramani.

"Nilijua tangu Jumapili," alisema. "Mnanishusha ngazi kama bibi harusi, halafu nisijue?"

"Sasa mbona umenisumbua siku nzima?"

"Nilitaka uniambie wewe. Mambo kama haya mtu aambiwe na mwanawe, asije akaambiwa na Lyle." Alikunja kitambaa, akakikunja tena. "Kusimama nitasimama. Na Mabel je?"

Curt alitazama chini ya meza. Mabel, mbwa mwekundu wa mzee, alikuwa amelalia viatu vya bwana wake kama kawaida. Mbwa huenda na wanaotembea. Kule mwisho mtu husimama peke yake na bunduki yake. Na tangu alipokuwa kitoto, Mabel hakuwahi kumtafutia ndege mtu mwingine. Katika mipango yao yote, hakuna aliyekuwa amemfikiria.

"Nitakwenda naye mimi," alisema Curt.

"Atakusikiliza?"

"Mbwa ni mbwa, Baba."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Alivua filimbi shingoni, akampa. "Haya. Twende tukaone."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja wa nyasi ndefu hadi kwenye reli. Curt alipuliza. Mabel alimtazama mzee. Akapuliza tena na kunyoosha mkono kushoto. Mabel alikwenda hatua chache, akageuka, akarudi kukaa juu ya viatu vya mzee.

"Unapuliza kama unasimamisha treni," alisema Verlyn.

"Mabel! Hayo ni masikio au mapambo?"

"Usimtukane. Hajazoea kutukanwa."

"Nitamfunzaje na wewe unanisemesha?"

"Polepole. Fupi, halafu ndefu."

Akapuliza fupi, halafu ndefu. Mabel alipiga mwayo. Damu ikampanda Curt kichwani, akaitupa filimbi kwenye nyasi. "Kila kitu lazima kiwe wewe! Ramani wewe, shamba wewe, mbwa wewe! Tufanye nini sisi?"

Mzee alikuwa akimtazama mbwa, na mbwa akimtazama yeye.

"Kosa si lako," alisema hatimaye. "Ananitazama mimi."

Akageuka, akaelekea nyumbani. Alipanda ngazi moja moja, ameshika ubao wa pembeni, na Mabel nyuma yake. Mlangoni akainama kwa shida, akamshika kichwa, akamwambia kitu ambacho Curt hakukisikia. Kisha akaingia na kumfungia mlango usoni. Mabel alikwaruza mbao, akalia. Pazia la jikoni likashushwa.

Curt aliiokota filimbi, akaifuta, akangoja. Hasira ilikuwa imemtoka yote na hakuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Kilio kilipopungua, akapuliza taratibu, fupi, halafu ndefu. Mabel alishuka ngazi. Curt akampeleka kushoto, akaenda. Akampeleka kulia, akapita ndani ya nyasi, pua chini, mkia ukichapa huku na huku, mpaka karibu na reli. Akamwita, akaja mbio.

"Baba!" Curt akapaza sauti. "Umeona?"

Mlango haukufunguka, wala pazia halikutikisika. Mabel alikuwa ameketi mbele yake, ulimi nje, akingoja amri nyingine. Hakuutazama mlango tena. Curt alitamani autazame, walau mara moja.