Fowili ya Stika

"Shuka, Bi Mastura, nishakwambia gari linataka—"

"Linataka dereva. Limekosa dereva tangu Lindi, nikishuka mimi ndiyo litampata?"

"—linataka wepesi, huu ni mto, siyo—"

"Wepesi unao wewe kichwani, tuazime. Mimi na mtani wangu hatushuki."

Mtani wake alikuwa amelala kando yake kwenye godoro nyuma ya pikapu, kafunikwa kanga, na mkeka juu, naye hakuwa na neno tena. Ndiye Bi Umi, mama yake Pazi, huyo dereva, aliyefariki alfajiri mjini. Huko Rutamba kaburi lilishachimbwa, watu wamekaa jamvini, na Pazi alitaka jambo moja tu duniani: mama yake alale kwao kabla jua halijazama. Masika nayo ilikuwa na mipango yake. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, na magogo yenyewe pengine yalishafika baharini yanavuliwa na watu. Ikabaki kuacha barabara, kupita kwenye mikorosho, kuvuka kijito na kupanda ukingo wa ng'ambo uliokuwa unang'aa kama mgongo wa kambale.

Ukoo wa Bi Mastura na ukoo wa kina Pazi ni watani tangu mababu, na msibani mtani hana adabu, ndiyo kazi yake. Tangu asubuhi alikuwa amevaa gauni la marehemu, anatembea mwendo wa marehemu wa kuburuta mguu, anaita watu kwa sauti ya marehemu, ile ya puani. Mtani huruhusiwi kumkasirikia. Pazi alikuwa amekasirika tangu walipopita Ngongo.

Mjomba Huseni, aliyekaa mbele, alishangaa kinachongojwa ni nini. Kwani gari si fowili? Wenye fowili hawaulizi njia, wanapita.

Hapo ndipo palipomuwasha Pazi. Miaka ile mambo yameshakuwa ruksa, pikapu za mtumba zinashushwa kutoka Dubai, na mwenye nayo hasalimiwi kwa jina, anasalimiwa kwa gari. Ya Pazi ilikuwa na maandishi mekundu ubavuni kwamba inasukumwa na magurudumu yote manne, na mjini kote akaitwa Pazi Fowili. Kwamba maandishi yale alibandika muuzaji, na kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuata tu kama wageni, hilo alimwambia mtu mmoja, mama yake. Tangu siku hiyo mama akakataa katakata kulipanda. Alisema hapandi gari linalosema uongo ubavuni.

Pazi alitazama jua, akakata fimbo, akakunja suruali, akaingia majini kwa miguu. Maji ya magotini. Katikati mchanga mgumu, kushoto shimo. Akachomeka tawi penye shimo ili asilisahau, akarudi mbio, akachuchumaa na njiti ya kiberiti kwenye tairi moja baada ya nyingine, akapunguza upepo ili zishike tope, mpaka zikalala kidogo kama mtu aliyeshiba. Mjomba akanung'unika kwamba hajapata kuona mtu mwenye haraka akitoa upepo.

Sauti ya puani ikatoka nyuma. "Mwacheni mwanangu atoe upepo. Fowili yenyewe hana. Ni stika."

 Kikawatoka kicheko, kile cha msibani, kinachozibwa kwa kiganja na kutokea puani. Mjomba akainama kuchungulia uvungu wa gari, akainuka na tope kwenye kofia, akaenda kuyasoma upya maandishi ya ubavuni.

Kumbe mama alikuwa amemwambia mtani wake. Pazi akahisi masikio yanaungua. Akaamuru wote washuke, na maiti ibebwe. Sauti ilimtoka vibaya. Wanaume wakaliinua godoro mabegani wakavuka kwa kufuata fimbo yake, Mastura nyuma yao anaburuta mguu.

"Mara yake ya kwanza kulipanda," alisema, "na kateremshwa njiani."

Pazi akatia gia ya kwanza. Vidole gumba akaviweka nje ya usukani, maana usukani ukirudi kwa nguvu huvivunja. Majini hakugusa klachi wala hakusimama, akapita kulia kwa tawi lake vizuri kabisa. Ukingoni ndipo alipoumbuka. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa, na magurudumu yanayosukuma ndiyo hayo ya nyuma. Yakazunguka bure. Akakanyaga mafuta, mkia ukacheza kuelekea korongoni, akazidisha, ukazidi. Akaachia, akatulia jasho likimtoka. Uzito alioufukuza ndio uliokuwa umpandishe.

Akatoa kichwa dirishani, akasema anataka watu nyuma, wakae chini, juu ya ekseli. Watu wakaanza kulitazama tope kama hawajapata kuona tope. Mastura akakunja gauni, akapanda, akakaa pembeni pale pale juu ya gurudumu.

"Nishushwe, nipandishwe. Haya, wanene wote njooni, leo mna faida."

Wakaja wanacheka. Pazi akatia gia, na ile sauti ya puani ikamfikia dirishani. "Polepole, mwanangu. Usikanyage hivyo, hiyo siyo nyoka."

Akalegeza mguu. Tairi zikang'ata. Gari likapanda kwa kujivuta, na sauti ikipanda nalo, inasimulia jinsi Pazi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyokuwa akimkimbia bata, jinsi kichwa chake kilivyompa shida mkunga. Pazi aliitikia kila tusi kwa mguu wake, mpaka wakawa juu.

Wakampandisha marehemu, safari ikaendelea. Mastura akaweka mkono juu ya mkeka usiteleze, akanyamaza. Kwenye kioo Pazi alimwona amekaa kama mtu yeyote, mguu umenyooka, mwanamke wa makamo ndani ya gauni lisilomkaa vizuri. Kimya kile kikaingia mpaka mbele. Pazi akawa anapiga vidole kwenye usukani, anabadili gia zisizotaka kubadilishwa, anapita makorongo kwa kasi ambayo tairi laini haziipendi. Mjomba akamkumbusha kwamba upepo hajarudisha. Hakusikia.

Kwenye mwinuko wa mwisho mapaa yakaonekana. Watu wa jamvini wakasimama, na kilio cha kwanza cha wanawake kikaanza. Jua lilikuwa bado lipo. Alichokitaka kutwa nzima kilikuwa pale mbele, na mguu wake ukaacha mafuta wenyewe.

Gari likasimama. Mjomba akauliza kama limezimika. Pazi akashuka, akazunguka kwenda nyuma ameshika ubavu wa gari, juu ya maandishi yale mekundu. Waliokaa nyuma wakaanza kujikusanya, wakidhani wanateremshwa tena.

"Mtani," alisema, "nitukane tena. Kwa sauti yake. Mpaka mlangoni."