Maneno ya Kitandani

DVD mia na kumi na mbili alizinakili kwa asubuhi moja, na mtu mwenye akili zake angejiuliza. Fundi cherehani yule hakujiuliza. Alijipongeza.

Marehemu mumewe alikuwa mpiga video, na ukoo mzima aliuacha ndani ya visahani vile. Mjane aliingiza kisahani, akaiburuta alama yake hadi kwenye diski kuu ya kompyuta, ikafika kufumba na kufumbua, akaingiza kingine. Alipomaliza alimpa sanduku zima jirani aliyeitwa Babu Miche, naye akavitoboa ukingoni na kuvitundika bustanini vifukuze ndege.

Leo mama mkwe alikuwa njiani. Kimoja kati ya visahani hivyo kilibeba maneno ya mwisho ya mwanawe, aliyoyasema kitandani kwa mama ambaye hakuwahi kufika. Miaka miwili bibi huyo ameyangoja.

Mjane akafungua video moja ajaribu. Kompyuta ikaandika: ingiza diski. Akafungua nyingine. Ingiza diski. Kumbe alinakili alama tu, vibao vya kuonyesha njia; nyumba zenyewe, yaani video, hakuzigusa!

Alitoka mbio bila viatu.

"Shikamoo, Babu! Nipe visahani vyangu!"

"Marahaba. Si ulisema takataka?"

Mjane aliingia bustanini. Alivigeuza kimoja kimoja mpaka alipoona mwandiko wa mumewe: "Kwa Mama." Jua lilikuwa limekibabua, na tundu la msumari lilikuwa pale pale ukingoni.

Akarudi nacho nyumbani, akakiingiza kwenye kompyuta akinakili upya. Asilimia kumi. Thelathini. Mashine ikakoroma. Sitini na moja, kisha ikagoma. Aliiomba, akaitukana, akaiomba tena.

"Hodi!"

Alimkaribisha mama mkwe, akamketisha, akaweka kilichopatikana. Mgonjwa akatokea, amekonda, anatabasamu. "Mama," alisema, "usijilaumu kwa kuchelewa. Kuna jambo moja nataka ulijue..." Picha ikaganda.

Bibi alingoja. "Ndiyo mwisho?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Lingemwokoa. Lakini angemtazamaje mama huyu tena?

"Hapana, Mama. Aliendelea. Niliharibu mimi."

Alijikunyata akingoja kilio, au kofi. Bibi hakupiga kelele. Alimshika mkono.

"Siku hiyo nani alishika kamera?"

"Mimi, Mama."

"Basi ulikuwepo, mwanangu. Hakijaharibika kitu. Niambie wewe alisema nini."

Mjane akafumbua mdomo. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Ile ya bustanini ilikuwa mchezo. Siku ile betri ya kamera ilikuwa inaisha, naye macho na akili vyote vilikuwa kwenye kile kitaa chekundu. Midomo ya mumewe aliiona ikicheza. Hakusikiliza hata neno, maana alijua kamera inamwekea maneno yote.

"Sema, mwanangu," bibi alimhimiza, akasogeza kiti karibu.