Koplo Wandera Anaanguka Kituo cha Tisa

Koplo Wandera alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna daktari aliyeweza kumwondolea: ugonjwa wa sukari na kichwa kigumu. Ugonjwa aliupata akiwa askari Nanyuki. Kichwa alizaliwa nacho kwao Samia, na mkewe Gaudencia alisema kama kungekuwa na sindano ya kichwa angemchoma mara tatu kwa siku.

Sindano ya sukari ilikuwa moja tu, asubuhi. Gaudencia alichemsha bomba la kioo kwenye sufuria ndogo, akatoa chupa ya dawa ndani ya mtungi wa maji baridi, akamchoma pajani huku mwenyewe akimalizia sala ya asubuhi. Kisha chakula, hapo hapo. Nesi Kabura wa zahanati ya misheni alikuwa amewaeleza bila kuzunguka: "Dawa ikiingia, chakula kiifuate. Ikikosa chakula cha kula, itamla Wandera."

Basi mwaka huo wa 1977, Wandera akiwa kituo cha polisi Mukurweini, alipata kitu alichokitamani kwa miaka mitano. Wanaume wa parokia walivuta vijiti kumchagua mbebaji wa msalaba wa Ijumaa Kuu, na kijiti kifupi kikabaki mkononi mwake. Msalaba wenyewe ulikuwa wa mwerezi, mzito kama mlango wa seli. Njia ilitoka kanisani, ikapita madukani, ikapanda kilima mpaka kileleni, vituo kumi na vinne. Aliyewahi kuubeba aliheshimiwa mpaka kaburini, na hata sokoni alipunguziwa bei ya ndizi. Wandera hakutaka ndizi. Alitaka tu watu waache kumwita "yule polisi wa kutoka mbali". Alitaka siku moja waseme, huyu ni wetu.

Shida ilikuwa desturi. Mbebaji hatii kitu kinywani tangu Alhamisi jioni mpaka msalaba usimame kileleni. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani mwa katekista Theuri, na kichwa cha Theuri kilikuwa sanduku lililopotezewa ufunguo.

"Koplo," Theuri alimwambia siku ya vijiti, "nasikia ati uko na sukari. Watu wa sukari wanakula kula kama mbuzi. Utaweza, ama tupatie mtu mwingine?"

"Mwalimu, mimi nimefuata wezi wa ng'ombe siku mbili msituni bila hata maji."

"Na uliwashika?"

"Hiyo ni habari nyingine."

"Sawa. Lakini ukionja hata uji, kijiti unarudisha."

Wandera akaapa kwamba hataonja. Alisahau, au alijifanya amesahau, kwamba Jumatano ya Majivu alikuwa ameahidi kinyume chake mbele ya Padre Renzo. Huyo Padre alikuwa Mwitaliano mzee aliyehamishwa kutoka Endarasha baada ya Krismasi, na desturi ya mbebaji hakuijua. Alimpaka majivu Wandera, akamvuta pembeni, akasema, "Wewe ni mgonjwa. Kanisa limekuondolea mfungo. Unakula, unasali, basi. Tumeelewana?" Wandera akajibu ndiyo, kwa sauti ile ile askari anayomjibia mkubwa wake kabla ya kwenda kufanya anavyotaka.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu Gaudencia alimchoma sindano, akamwekea bakuli la uji na viazi vitamu viwili.

"Kula nikiona."

"Mama Nehemiah, wanakwaya wanakungoja. Utachelewa. Kwani mimi ni mtoto?"

Gaudencia akachukua leso yake, akaenda. Alikosea, na baadaye alikiri hivyo, maana alikuwa ameolewa na mtu huyo miaka kumi na tisa. Mlango ulipofungwa Wandera akamwita mbwa. Siku hiyo, watu wote wa parokia wakiwa na njaa, mbwa wa koplo alilala kivulini tumbo limejaa, akipumua kwa shida.

Mpaka kituo cha sita mambo yalikwenda vizuri sana. Wandera alipanda na msalaba begani, kifua mbele, na akina mama waliokuwa barabarani walinong'onezana kwamba kweli mtu huyu ana nguvu. Kituo cha saba jasho likaanza kumtoka, la baridi, ingawa upepo ulikuwa ukivuma kutoka mlimani. Kituo cha nane akaona makatekista wawili. Akajua vizuri kwamba Mungu asingemuumba Theuri mara mbili, na hapo akaelewa kinachomjia. Angeweza kusema. Neno moja tu kwa Padre, na mambo yangeisha. Lakini neno hilo lingeondoka na msalaba wake, kwa hiyo akafunga mdomo akaendelea kupanda.

Kituo cha tisa kilikuwa mbele ya duka la Moffat. Theuri akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ya huzuni: "Kituo cha tisa. Yesu anaanguka mara ya tatu."

Wandera akaanguka.

Alianguka vizuri mno. Goti kwanza, halafu mkono, halafu msalaba juu yake, na vumbi jekundu likapanda. Umati mzima ukaguna. Wabebaji wa miaka yote walikuwa wakipiga goti kidogo wakiangalia suruali isichafuke, lakini huyu alikuwa amelala kifudifudi.

"Haki, huyu mtu ana imani," akasema mwanamke mmoja, na aliye karibu naye akaanza kulia. Theuri, ambaye hakuwahi kumsifu mtu aliye hai, alivua miwani akaipangusa. Wote wakapiga magoti. Wakasali Baba Yetu polepole, wakaingia Salamu Maria. Wandera alikuwa akinung'unika kitu kwa lugha ya kwao, midomo ikigusa mavumbi.

"Anasali kwa lugha ya mama yake," Theuri akawanong'oneza waliokuwa mbele. "Msimsumbue."

Gaudencia alikuwa nyuma na wanakwaya. Alipofika mbele akiwasukuma watu, mwanamke mmoja akamshika mkono. "Mwache, mama. Ako na Mungu."

Gaudencia akainama, akasikiliza. Katika kilima kile ni yeye peke yake aliyeijua lugha hiyo.

"Hasali," akasema. "Anaitisha samaki. Anamuuliza mama yake mbona samaki hawaivi. Sukari imemwishia. Nipeni kitu kitamu, haraka."

Watu mia tatu wakapapasa mifuko, na hakuna aliyekuwa na hata peremende. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Moffat ndiye aliyefika mbio, na yeye alikuwa Mpresbiteri, akitazama maandamano kutoka barazani kwake kama kila mwaka. Alikuja na soda mbili za machungwa, kizibo cha moja ameking'oa kwa meno. Nusu ya ile ya kwanza ilimwagikia shati la Wandera. Iliyobaki Gaudencia alimnywesha kidogo kidogo, akihakikisha anameza, kisha ya pili. Wandera akafungua macho.

"Nani amenipa soda siku ya leo?"

"Ni mimi," akasema Moffat. "Na si mtu wa kanisa lenu, kwa hivyo dhambi iandikwe kwangu."

Padre Renzo alikuwa ameshafika, ameinua kanzu kwa mikono miwili. "Umepigwa sindano?"

"Ndiyo, Padre."

"Umekula?"

Wandera akamwangalia Theuri. Theuri akaangalia kitabu.

"Mbebaji hali, Padre," akasema Wandera. "Ni desturi. Nikila, msalaba unaenda kwa mwingine."

Padre akauliza desturi hiyo ni ya nani. Theuri akasema ni ya zamani. Padre akasema hakuuliza ya lini. Kisha akamgeukia Wandera. "Mimi nilikuambia ule, ukasema ndiyo. Umedanganya, na umejivuna. Hiki hapa kitubio chako: utakula sasa, hapa, mbele ya watu wote, mpaka ushibe. Moffat, mkate na maziwa."

"Na msalaba?" Wandera akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Msalaba utakungoja. Wewe ndiye mbebaji."

Wandera hakuwa amewahi kupewa kitubio kigumu kama hicho. Aliketi juu ya msalaba, akala mkate mzima, na watu mia tatu waliofunga walikitazama kila kipande kikipanda kinywani. Mzee mmoja alimeza mate kwa sauti.

"Polepole," Gaudencia akamwambia. "Hakuna anayekunyang'anya."

"Usiwe na hakika," akasema yule mzee, na watu wakacheka, Ijumaa Kuu hiyo hiyo, hata Padre akageuka upande.

Nusu saa ikapita. Mikono ilipoacha kutetemeka, Wandera akasimama, akajitia msalaba begani. Vituo vitano vilibaki, vyote vya kupanda. Lakini shati lililolowa soda lilikuwa limeanza kunata, na nyuki wa mashamba ya kahawa wakalinusa. Wakaja wawili, wakaja kumi. Mikono yake yote ilikuwa imeshika mti, hangeweza kuwafukuza.

Theuri akamtazama kidogo. Kisha akafunga kitabu, akampa mwanakwaya mmoja asome badala yake, akaja kutembea ubavuni mwa koplo, akiwapunga nyuki kwa kofia yake.

"Tembea, mtu wetu," akasema. "Na usiniulize kitu."

Wakapanda hivyo mpaka kileleni.