Usiguse Swichi

Mtu akiniuliza tena kwa nini sikupiga kelele, nitamchapa na rula ya chuma. Nimechoka! Tangu majambazi waingie kwetu, kila anayepita mlangoni ni bingwa. Huyu angewarushia pasi ya moto, yule angewakaba koo mmoja mmoja. Khaa! Mchana ule walikuwa wapi hao mabingwa?

Kwetu ni chumba kimoja cha kushonea, hakina hata dirisha, taa inawaka kutwa. Mimi nakata vitambaa karibu na mlango. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anapiga pasi pale ukutani kwenye swichi. Baba mkwe anashona kule ndani kabisa, kaupa mlango mgongo. Baba hasikii. Ana mashine za masikio, mume wangu kajinyima mpaka akazipata, lakini akianza kushona anazivua na kuziweka kwenye kopo la vifungo. Anasema kelele za cherehani zinamkwangua ubongo. Basi ukimtaka, humgusi, maana ukimshtua anageuka na mkasi mkononi. Unazima taa, unaiwasha. Naye anageuka polepole kukuuliza una shida gani. Ndivyo tunavyomwita tangu nilipoolewa.

Waliingia wawili, wakafunga mlango nyuma yao. Mrefu alikuwa na bastola, mwenzake panga.

"Hakuna kusogea! Mikono juu!"

Mimi mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima wananiita Pilipili. Siku ile matusi yote yalinijaa kinywani, nikayameza. Nikaweka mkasi mezani, nikainua mikono. Shemeji naye akainua. Baba akaendelea kushona.

"Wee mzee! Si nasema na wewe?" Cherehani inakwenda tu. Mrefu akamwelekezea bastola kisogoni. "Unanidharau, sio?"

Kwa pembe ya jicho nikauona mkono wa shemeji unashuka kuelekea kwenye swichi. Mazoea hayo! Alitaka kumwita baba kama tunavyomwita siku zote. Mlango umefungwa, dirisha hakuna, na mtu ana kidole kwenye bastola, halafu wewe umletee giza.

"Usiguse swichi," nikasema. Sauti yenyewe sijui niliitoa wapi, utadhani nabembeleza mtoto alale. "Kaka, huyo ni baba yetu. Hasikii kabisa, hajakudharau. Niruhusu nizunguke mbele yake anione, nimwambie. Mikono yangu hii hapa."

Mrefu akanitazama. Bastola haikutoka kisogoni kwa baba.

"Nenda. Ukileta ujanja, namlipua."

Nikaenda taratibu, kila ninachofanya nakitaja kwanza. Sasa napita mezani. Sasa namwinamia. Baba akaona sketi yangu, akainua macho, akaiona mikono yangu. Midomo ya watu wake anaisoma vizuri, mradi wamkabili. Nikamwambia bila sauti: wezi, nyuma yako, inua mikono, usigeuke. Akaachia kitambaa. Akainua mikono, uzi bado uko mdomoni.

Wakabeba simu na hela za droo. Wakati wa kutoka, yule wa panga akanyakua na kopo la vifungo, sijui alidhani lina dhahabu. Shemeji akataka kumrukia.

"Mwache," nikasema. "Chukueni tu, ndugu zangu. Nendeni salama."

Nendeni salama! Moyoni nilikuwa nawatafuna mifupa. Walipotoka nikatia komeo, nikakaa pale pale sakafuni.

Kesho yake majirani wakajaa chumbani kutupa pole, na shemeji kasimama katikati yao anawaonyesha mwizi alikuwa hapa, mwizi alikuwa pale. Baba yuko kwenye kiti chake, hashoni, anamwangalia.

"Mimi nilikuwa nawaweza kabisa wale," shemeji anasema. "Huyu shemeji ndiye aliyeniharibia. Kawapa wezi hadi masikio ya mzee, tena kawatakia safari njema!"

Watu wakacheka. Hapo Pilipili akarudi.

"Wewe! Wewe wa kuzima taa! Ulitaka tumzike baba na masikio yake, ndiyo ungeridhika?" Nikamwongezea na mengine ambayo hayasemeki mbele ya watu. Akanijibu, nikamjibu, majirani wanachochea, mwisho nikaanza kulia, na kule kulia kukanizidishia hasira.

Taa ikazimika. Ikawaka.

Tukageuka wote. Baba alikuwa amesimama kwenye swichi, macho yake kwenye mdomo wa mwanawe. Bila mashine zake hajui sauti yake ina ukubwa gani, kwa hiyo alichosema kilisikika mpaka mwisho wa mtaa.

"Masikio yatanunuliwa mengine! Na baba je? Baba anauzwa duka gani?"

Shemeji akarudi kwenye pasi yake. Majirani, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka kwamba wana kazi makwao.

Kisha baba akaniita kwa kidole nimsaidie kuigeuza cherehani, iangalie mlango.