Bega Langu na Kitana cha Delmas

"Tulia basi, unatikisika kama ndama," Delmas alisema nyuma yangu, na kitana kikakwama tena palepale, juu kidogo ya kisogo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni nimeelekea dirishani, nywele zimemwagika hadi chini ya kiuno. Yeye alikuwa kwenye stuli nyuma yangu, mpira wa oksijeni puani, kwa sababu kusimama kulimchosha. Nilizisikia pumzi zake shingoni: moja, kisha kimya, kisha nyingine iliyotafutwa kwa shida. Vidole vyake vilikuwa vinene, na makaa ya mawe yalikuwa yameingia kwenye mikunjo yake yakagoma kutoka. Miaka yote aliyokuwa mgodini sikuwahi kuviona vidole vile asubuhi. Aliondoka giza halijapasuka, akarudi giza limeshaingia, na nywele nilizibana mwenyewe.

"Unaniumiza," nikamwambia.

"Nywele zako ndizo zinazoniumiza mimi. Nani alikutuma uzifuge mpaka huku chini?"

"Muulize Mungu."

"Nitamuuliza. Si muda mrefu tutaonana."

Hivyo ndivyo alivyoyatania mapafu yake, na mimi nilimpiga kofi gotini bila kugeuka, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Haukuwa na kazi nyingine siku hizo.

Kwetu, huku milimani mashariki mwa Kentucky, kuna makanisa ambayo mwanamke hakati nywele, na langu ni mojawapo. Bibi yangu alizikwa na nywele zake zote. Wala hutoki nje zikiwa zimemwagika: unazipandisha, unazikunja, unazibana kisogoni kila asubuhi ya Mungu, na kwa kazi hiyo unahitaji mikono miwili inayofika juu. Mimi nilikuwa nimebaki na mmoja.

Ilianza na chanjo ya mafua, mwezi Oktoba. Daktari wa mapafu alikuwa ametueleza bila kuzunguka. "Mafua yatakayokulaza wewe kitandani, Mama Caudill, yatamzika huyu. Chanjeni wote." Basi Jumamosi moja tukashuka mjini kwenye duka la dawa. Delmas alipandisha mkono wa fulana yake, akachomwa, akataka peremende kama mtoto. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mirefu iliyobana, kama tunavyovaa sisi, na mkono wake haukupanda zaidi ya kiwiko. Kijana mfamasia akaniomba niutoe mkono nje ya blauzi. Mbele yake? Na mbele ya foleni nzima ya watu waliokuja kununua dawa ya kikohozi? Nilifungua vifungo viwili vya juu, nikauvuta ukosi pembeni, nikamwambia achome hapo panapoonekana. Akachoma hapo panapoonekana.

Baadaye sana daktari wa mifupa alinichorea. Sindano inatakiwa iingie chini, kwenye nyama ya mkono. Yangu iliingia juu, ndani ya kiungo chenyewe.

Usiku ule sikuweza kulalia upande wa kulia. Asubuhi, Jumapili, niliinua mkono nibane nywele ukaishia kidevuni. Nilijaribu tena, na maumivu yalinishukia kutoka begani mpaka kwenye kucha nikaona nyota. Nikakaa kitandani nikalia. Sikulia kwa maumivu tu. Kanisa lilikuwa linaanza saa nne, ilikuwa Jumapili kubwa ya mwaka ambayo watu wetu waliohamia Ohio hurudi nyumbani kusali na kula pamoja, na mimi nilikuwa kama kichaa wa sokoni.

Delmas alisimama mlangoni akanitazama. 

"Lete hicho kitana," akasema.

Fundo alilonibana siku ile lilikaa juu ya sikio la kulia. Niliingia nalo kanisani nimenyoosha shingo, na Nedra Fugate, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, akaniinamia kutoka benchi la nyuma.

"Dada Orlene, hicho kiota kitaangua lini?"

Benchi zima la wanawake likapasuka kwa kicheko. Mke wa mchungaji alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimcheza. Nikasema ni kazi ya Delmas, wakageuka wote kumtazama upande wa wanaume, naye akanyanyua mkono kama mtu aliyeshinda zawadi ya ng'ombe bora kwenye maonyesho. Nilimpenda mume wangu siku nyingi, lakini ile Jumapili nilimpenda upya, mbele za watu, na lile fundo likinining'inia.

Nilidhani bega litapoa lenyewe. Halikupoa. Kuvaa koti ilikuwa vita, kufikia kabati la vikombe ndiyo sikuthubutu. Nedra alikuwa ananisema kila wiki. "Nenda kwa daktari, mwanamke. Unangoja mkono udondoke?" Nami nikamjibu, kesho. Kesho yangu ilipita Krismasi, ikapita theluji.

Delmas naye akazidi kuijua kazi. Aliomba Nedra amwonyeshe, akakosea, akaomba tena. Kufikia mwaka mpya aliweza kusuka mkia mmoja mrefu na kuuzungushia kisogoni, vibanio vikiwa vimepangwa mdomoni mwake, akizungumza kupitia hivyo hivyo vibanio. Na alizungumza! Mtu aliyenioa akiwa na maneno ya kuhesabika alinisimulia nyuma ya kichwa changu mambo ambayo hakuwahi kunitazama usoni akayasema. Kwamba siku paa la mgodi liliposhuka wakanaswa ndani, aliimba ovyo ovyo ili vijana wasisikie mbao za kushikilia paa zikilia. Kwamba kila siku alibakiza kipande cha keki ya tufaha niliyomfungia, akakila akiwa njiani kutoka, ili afike juu akiwa na ladha ya nyumbani mdomoni. Nilikuwa nimemfungia keki ile miaka na miaka nikidhani anaimaliza mchana na wenzake.

Kahawa ilipoa mezani. Sisi tulikuwa bado pale, na wakati mwingine nywele zilikuwa zimeshamalizika kubanwa na mikono yake ingali kichwani pangu.

Sasa mnaona kwa nini sikwenda kwa daktari. Niliogopa atanitibu.

Alifariki mwezi Machi. Nedra ndiye aliyenibana nywele siku ya mazishi, na hakutania. Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali, maana hakukuwa na mtu nyumbani. Daktari akaandika: maumivu ya bega, mjane wa juzi.

Habari za fidia aliyezileta ni mjukuu wa Nedra, aliyezikuta kwenye kompyuta. Kumbe serikali ina mfuko wake kwa watu wachache ambao chanjo imewadhuru, na wakili analipwa na mahakama. Wakili wetu aliitwa Reba Tolliver, mwanamke wa Lexington mwenye sauti ya kukwaruza na viatu vya kupandia mlima. Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni kama tunamshtaki yule kijana wa duka la dawa, kwa sababu aliyevuta ukosi ni mimi. Akasema la, hatumshtaki mtu, tunauomba mfuko. Nikaridhika. Na kama mnataka kujua, chanjo ya mwaka uliofuata niliipata vilevile, mkono wa kushoto, ndani nimevaa fulana ya mikono mifupi. Mapafu ya watu wengine bado yapo.

"Kuna jambo moja tu la kuthibitisha, Mama," Reba aliniambia. "Kwamba maumivu yalianza ndani ya siku mbili baada ya sindano. Nani alikuwa nawe siku hizo mbili?"

"Delmas."

Akaiweka kalamu chini.

Wakili wa serikali alikuwa na hoja iliyonyooka. Miezi mitano hakuna daktari aliyelisikia bega hili. Mgonjwa anajitokeza baada ya kumuuguza na kumzika mume. Pengine aliumia akimnyanyua kitandani. Pengine ni huzuni tu imeingia mwilini. Kama tungeshindwa, upasuaji wa bega alionishauri daktari wa mifupa nisingeupata, kwa sababu bima yangu ilikuwa ya jina tu, na Nedra asingeweza kupanda kilima kila asubuhi kunibana nywele mpaka mmoja wetu afe. Ningekata nywele. Hilo lilinitisha, lakini halikuwa lililoniumiza zaidi. Kwa hesabu yao, bega langu lilikuwa zima msimu wote ule wa baridi. Na kama lilikuwa zima, basi Delmas hakuwa na sababu ya kukaa kwenye ile stuli. Walikuwa wananiambia haikuwahi kutokea.

Kesi ilisikilizwa kwa video, ofisini kwa Reba. Jaji alikuwa Washington, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi. Nedra aliitwa kwanza. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi.

"Mheshimiwa, mimi nimekaa nyuma ya kichwa cha Orlene Caudill tangu ujana wetu," alisema. "Nakijua kichwa kile kuliko kitabu cha nyimbo. Siku ile kilikuwa kimeharibiwa."

"Una hakika ilikuwa Jumapili hiyo, siyo nyingine baadaye?"

"Watu wa Ohio walikuwapo. Huwa wanakuja mara moja kwa mwaka. Ukiaibika mbele ya watu wa Ohio, Mheshimiwa, huisahau tarehe."

Jaji aliinamisha kichwa akaandika, na nadhani alitabasamu. Kisha ikawa zamu yangu. Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole, anasema tafadhali kila baada ya maneno mawili.

"Bi. Caudill, tafadhali, nataka kuelewa tu. Kama maumivu yalikuwa makali hivyo, kwa nini hukumwona daktari kwa miezi mitano?"

Reba alikuwa ameniandalia jibu. Niseme nilikuwa nauguza mgonjwa, sikuwa na nafasi ya kujifikiria mwenyewe. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa nusu ya ukweli. Nililifungulia mdomo, nikakuta halitoki.

"Kwa sababu mume wangu alikuwa ananichana nywele," nikasema.

"Samahani, sijakuelewa."

"Ningepona, angeacha."

Pembeni yangu nilimsikia Reba akishusha pumzi kama gurudumu linalotoboka. Yule kijana alitazama karatasi zake, akazigeuza, akazirudisha zilivyokuwa. Jaji ndiye aliyesema, "Endelea, Bi. Caudill." Basi nikaendelea. Nikamweleza kitana na vibanio, na kile kipande cha keki, na jinsi alivyopumzika katikati ya mkia kungoja pumzi. Nilikuwa najua huenda naizika kesi yangu mwenyewe. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kumsema Delmas kwa mtu ambaye hakunikatiza kwa pole.

Uamuzi ulitoka majira ya joto. Jaji alituamini, Nedra na mimi. Aliandika kwamba maumivu yalianza jioni ya sindano na kwamba asubuhi iliyofuata mume wa mwombaji, Delmas Caudill, alimbana nywele kwa sababu mwenyewe hakuweza. Reba alinisomea hayo mezani kwangu mara mbili, maana nilimwomba. Alikuwa amepanda kilima kwa viatu vyake vile kuniletea karatasi za kutia sahihi, na nilimpa maharage na mkate wa mahindi, akala kama mtu wa kwetu.

"Sasa hapa ndipo fidia ya mateso ilipo," akasema akigeuza ukurasa. "Upasuaji uko kando, wataulipia. Hii ni ya maumivu. Wamehesabu tangu siku ile ya Oktoba, na ile miezi mitano ya kwanza ndiyo imepewa uzito mkubwa kuliko yote, kwa kuwa mkono haukuinuka kabisa na hukuwa na dawa yoyote. Tumefanya vizuri, Mama. Vizuri sana."

"Hiyo waitoe."

"Watoe nini?"

"Hiyo miezi mitano. Ibaki iliyofuata. Hiyo ya kwanza waitoe."

Reba alicheka, kisha akaniona uso akaacha. Alifuta vidole kwa kitambaa, taratibu, kimoja kimoja.

"Mama Caudill, mahakama haina namna ya kuandika hivyo. Kisheria, hayo ni mateso."

Akanisogezea kalamu. Nilitia sahihi, maana bega lilikuwa linauma kweli na daktari alikuwa ananingoja. Zikaja hela zote, mpaka senti. Serikali ya Marekani ilinilipa fidia ya kila asubuhi niliyokaa kwenye kile kiti na Delmas nyuma yangu. Ningewarudishia yote, na nyumba juu yake, wanipe asubuhi moja.