Nguzo ya Pembeni ya Bi Mwanamize

...na jembe lenyewe, tazama wanavyolishika, kama wameshika sinia ya kahawa wanaogopa isimwagike, vidole juu juu, yule mrefu mwenye miwani anachimba mara mbili halafu anasimama kukisoma kiganja chake kama barua imeandikwa humo, lengelenge hilo bwana, halijapata kuua mtu, na mwenzake ananyanyua kuti analigeuza juu chini, chini juu, anauliza, wallahi nimemsikia kwa masikio yangu, anauliza upande upi unatazama mbinguni... Vijana kumi na wawili wa chuo cha ualimu huko Unguja, wamevuka bahari, wakashuka juzi na lori mpaka njia ilipokwisha wakamalizia kwa miguu, kaptura za kaki zimepigwa pasi, na mwalimu wao Msellem kaning'iniza filimbi shingoni, filimbi ya kukandikia nyumba, sijapata kuona, marehemu baba yangu Jecha kajenga nusu ya nyumba za Kiuyu hii na hakupuliza kitu, alikuwa akikohoa tu na kila mtu anajua ni boriti ipi inyanyuliwe. "Kujitolea," ndilo neno lao. Likizo hii tunajitolea kwa wanyonge, kasema Msellem juzi nje ya msikiti baada ya alasiri, na wanyonge wenyewe tukatazamana kila mmoja akimtafuta mnyonge ni nani. Sisi jambo hili tulikuwa tukilifanya kabla ya wao kuzaliwa, tukiita kualikana tu, leo kwangu kesho kwako, unapika wali na papa, watu wanakuja, ikifika adhuhuri ukuta umesimama na hakuna aliyejitolea kitu, kila mtu kaja kufanya lake... tulikuwa tukifanya... "Silima, unanisikia?" Nakusikia mwenyekiti, nasema, na mkono unasokota kamba ya usumba wa nazi wenyewe bila mimi. Bakar huyu, mwenyekiti wa tawi letu, kaja barazani kwangu tangu asubuhi, anasema kaja kubarizi, nani asiyejua kaja kunilinda nisivuke hatua arubaini hizi kwenda kwa shangazi yangu wanakojenga hawa, mimi nasokota kamba na yeye anasokota maneno. "Nasema hawa wametumwa. Chama chao ndicho kilichowaleta. Leo udongo, kesho kadi." Na mimi najibu labda, na moyoni nasema ewe Bakar, ukuta wa banda lako la mbuzi umeegemea mgomba, chama chetu kingekuwa na akili kingeanza hapo... Filimbi. Wamepumzika. Wamefanya kazi kiasi cha mtu kuchambua mchele wa watu wawili na wamepumzika, wanapeana maji kwa kata, mmoja anapigwa picha na mwenziwe amejipaka udongo shavuni makusudi, naam, jipake na la pili, mama yako akiiona picha alie. Udongo wenyewe haukulala. Udongo unakanyagwa jioni, unalala usiku kucha, asubuhi unakanyagwa tena ndipo unashika fito, hawa wameukanyaga kwa wimbo wakaubandika papo hapo, jua la siku tatu utapukutika kama mkate wa jana, na fito wamefunga kwa fundo la viatu, la viatu, nyumba imefungwa kama kiatu cha skuli... Anacheka Bakar. "Wakimaliza hiyo, mvua ya kwanza tu, utaona. Na Bi Mwanamize atajua chama gani kina mafundi." Anasema Bi Mwanamize kama anataja mtu wa mbali, kama si yeye aliyekwenda kwake usiku ule alipoumwa tumbo kuomba majani ya mzambarau, na mimi nanyamaza kana kwamba nami ni mtu wa mbali, na huyo ni dada wa baba yangu, damu yangu. Mwaka jana tu, kabla ya uchaguzi, nilisimama pale pembeni penyewe anapochimba yule wa miwani, nikaigonga ile nguzo kwa kisu ikalia hoo, mchwa wameila mpaka ndani, nikamwambia shangazi, baada ya Idi naja na boriti ya mkoko naibadilisha, akasema haya mwanangu, na wala hakuniuliza tena. Idi ikaja na uchaguzi nao ukaja nyuma yake. Shangazi aliulizwa kisimani kura kampa nani naye akasema, hakuona kuwa ni siri, kawapa wale wengine, na jioni yake Bakar akatuita akasoma, hatununui kwao, hatuzikani nao, hatualikani nao, nani hakubali aseme, na mimi fundi mkubwa mwenye mikono kama magogo nikatazama mkeka. Masika yakaja, ukuta wake wa kusini ukalala chini, nikausikia ulipoanguka, nilikuwa hapa hapa, nikasema huo ni mgomba, mke wangu Mwatum akanitazama, na mimi nikasema tena, mgomba. Ndiyo hawa wanafunzi wakaja. Kwa nini wasije, mlango umeachwa wazi na wenyewe, hata mbwa angeingia... "Unawatazama sana, Silima." Nawatazama wanavyoharibu, mwenyekiti. "Waache waharibu." Nawaacha. Kazi yangu ndiyo hiyo sasa, kuacha, nimekuwa fundi wa kuacha.

Kwaru, kwaru, kwaru, nasikia mbuzi ya nazi, shangazi anakuna nazi ndani, anawapikia, juzi kawachinjia kuku wawili na kuku alikuwa nao watatu, wanyonge wanasaidiwa na wanyonge wanalisha, hesabu ya chuoni hiyo. Anakunia wapi, jikoni hakuna ukuta... anakunia chumbani, pembeni mwa ukuta, huko huko upande wa nguzo, kwaru, kwaru, na filimbi imelia tena na wa miwani karudi, anachimba. Anachimba. Anachimba upande gani huyo? Anachimba mzunguko mzima. Ngoja, mwamba wa juu, mti unaobeba paa, umekaa juu ya nguzo hiyo, paa zima la pembe hiyo, makuti ya miaka sita yaliyolowa mvua ya jana, mazito kama maiti, na hakuna mwega, hawakutia mwega, walimu watarajiwa kumi na wawili na filimbi moja na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kabla ya kung'oa nguzo unatia mti wa kuegemeza mwamba, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua hilo, hata Bakar anajua... Waache waharibu. Itaanguka. Itaanguka ndogo tu, pembe moja, watakimbia na kaptura zao, picha nzuri ile, Msellem akipuliza filimbi yake kulisimamisha paa, na Kiuyu nzima itacheka mpaka Makangale wasikie, na Bakar atasema si nilisema, kwaru, kwaru, na yeye yuko chini yake. Hawezi kuwa hasa chini yake. Yuko chini yake. Kimo cha mbuzi ni shubiri moja kutoka ardhini, mtu aliyekaa juu ya mbuzi miguu kainyoosha na sahani mbele, mtu wa miaka sabini, hanyanyuki upesi... "Kadi mpya zitafika Ijumaa," anasema Bakar, "nataka wewe ugawe upande wa bondeni, watu wanakuheshimu." Wananiheshimu. Siku ya maziko ya Mwanaasha waliniheshimu pia, mwanangu wa siku arubaini, kaskazi ile ya joto, wanawake wamejaa uani na shangazi kaja na kanga yake nyeusi wakampa migongo, mkewe Bakar akiwa wa kwanza, wote wakageuka kama milango, naye akakaa nje chini ya ukuta juani tangu asubuhi, mtu aliyenilea mimi, mama yangu alipokufa alinifunga mgongoni pake mpaka nikawa naburura miguu, akakaa nje kama mwombaji, na mimi nikatoka na mtoto mikononi, kitu chepesi, kifurushi cheupe tu, nikapita mbele yake, na yeye akanyoosha mkono aiguse sanda, aiguse tu, na mimi... Bakar alikuwa nyuma yangu, watu walikuwa nyuma yangu... nikasogea upande. Hatua moja. Nilimkwepeshea maiti ya mjukuu wake kama unavyokwepesha nguo safi na tope. Na mkono wake ulibaki hewani, niliuona, nimeuona kila siku tangu siku ile na kila siku nimetafuta mwingine wa kumdharau, Msellem na filimbi, wa miwani na malengelenge yake, mtoto wa watu aliyevuka bahari kuja kutokwa damu viganjani kwa bibi asiyemjua, hajui fundo, hajui udongo, hajui kuti, lakini kavuka bahari, na mimi mwenye kujua yote sikuvuka kiwanja... Nguzo inatikisika. Wameikumbatia wawili, "moja, mbili," Msellem anahesabu, "Silima, kaa kitako," maana nimesimama kumbe, "Silima, yakhe, unakwenda wapi, kaa kitako," mkono wa Bakar uko kwenye shati langu, mwepesi mkono huu, mwaka mzima nilidhani ni mzito...

"Acheni! Acheni hiyo nguzo! Iacheni! Mwega kwanza!" Ni sauti ya baba yangu hiyo, imetoka kwangu, na kiwanja nimekwishakivuka, Bakar kaning'ang'ania shati. Wameganda, wa miwani kaikumbatia nguzo kama mchumba, Msellem filimbi iko mdomoni na haina pumzi. Mbuzi imenyamaza.

"Nani huyo anayepiga makelele nyumbani kwangu?"

"Mimi, shangazi. Shikamoo. Toka nje kwanza, mwamba hauna mwega, toka."

Hajasema marahaba. Bakar anapumua nyuma ya sikio langu, na wanafunzi wananitazama mimi, halafu mlango, halafu mimi.

"Mimi nani?"

"Silima."

"Silima yupi?" Naijua sauti hiyo, ndiyo aliyokuwa akiniulizia nani kala sukari, alikuwa anajua nani kala sukari, hakutaka kujua, alitaka niseme, na sasa anataka niseme mbele ya Bakar na mbele ya watoto wa Unguja na mbele ya wanawake wanaochungulia nyuma ya makuti ya ua, na hatoki, yuko palepale chini ya paa lile, hatatoka.

"Silima wa Jecha," nasema, "mwana wa nduguyo. Yule aliyekunyima kumgusa Mwanaasha."

Mkono wa Bakar umeacha shati langu wenyewe. Yule wa miwani anatazama miguu yake, hajui habari yenyewe lakini anatazama miguu yake, adabu anayo, mwalimu mzuri huyu atakuwa.

"Marahaba," anasema shangazi ndani. Halafu anasema, "Basi umesimama unangoja nini? Watoto wa watu hawa hawajui kitu." Na mbuzi imeanza tena kukuna, taratibu, palepale alipokuwa.